Marathoni ya vilima vya Mbita yamfaa vipi mwanamichezo wa triathloni?

MGENI anayefika Mbita kwa barabara ya lami kutoka Homa Bay huonyeshwa ziwa kwanza. Huonyeshwa mashua zilizopangwa ufuoni, kivuko kinachovuka kuelekea Luanda Kotieno, na omena walioanikwa juu ya nyavu kuukuu. Mwanariadha ndiye huinua macho na kuanza kuhesabu vilima.

Navyo havikosi. Upande wa bara kuna safu ya Gembe. Kusini kuna milima ya Gwassi. Ng'ambo ya daraja kuna kisiwa cha Rusinga, chenye mgongo wa mawe katikati, na mbali zaidi majini kuna kisiwa cha Mfangano, ambacho kilele chake, Kwitutu, kimefikia mita 1,694 juu ya usawa wa bahari. Uso wa Ziwa Victoria uko karibu mita 1,134. Kwa hesabu hiyo, anayepanda kutoka ufuoni hadi Kwitutu hupanda takriban mita 560, na akishuka na kurudia mara ya pili, huwa amepanda zaidi ya kilomita moja wima kabla ya chakula cha mchana.

Swali linalowakabili wanamichezo wanaojiandaa kwa triathloni, yaani mashindano yanayounganisha kuogelea, kuendesha baiskeli na kukimbia bila mapumziko katikati, ni iwapo inafaa kukimbia marathoni katika ardhi ya namna hiyo kama sehemu ya mazoezi. Jibu fupi ni kwamba inafaa, ila si kwa kila mtu wala si wakati wowote. Jibu refu linahitaji kwanza kueleza kile ambacho mchezo huo humdai mtu.

Triathloni ni mchezo mchanga. Mashindano yanayohesabiwa kuwa ya kwanza katika sura yake ya leo yalifanyika San Diego, Marekani, mwaka 1974, na washiriki walikuwa 46. Miaka minne baadaye, huko Hawaii, wanaume 15 walianza safari iliyoitwa Ironman: kuogelea kilomita 3.8, baiskeli kilomita 180, kisha marathoni kamili ya kilomita 42.195. Waliofika mwisho walikuwa 12. Mchezo huo uliingia katika Olimpiki mjini Sydney mwaka 2000 kwa masafa mafupi zaidi, kilomita 1.5 majini, 40 kwa baiskeli na 10 kwa miguu. Kati ya hizo mbili kuna Ironman 70.3, iliyopewa jina kutokana na jumla ya maili zake: kilomita 1.9 za kuogelea, 90 za baiskeli na 21.1 za kukimbia. Hiyo ndiyo iliyobisha hodi Afrika Mashariki mwezi Agosti 2022, ilipofanyika kwa mara ya kwanza mjini Rubavu, Rwanda, kando ya Ziwa Kivu.

Kenya, nchi ambayo mabingwa wake wa mbio hawahesabiki kwa vidole, haijawahi kutwaa medali ya Olimpiki katika triathloni. Tatizo si miguu. Baiskeli ya mashindano hugharimu fedha ambazo familia nyingi hazijawahi kuzishika kwa mkupuo mmoja, na wengi wa wakimbiaji hodari wamekulia nyanda za juu ambako maji ya kuogelea ni mto wa kuvukia tu. Mtu anaweza kudhani kwamba kando ya ziwa kubwa kuliko yote barani mambo yangekuwa tofauti. Hayako hivyo sana, kwa sababu zitakazoelezwa baadaye.

Turejee kwenye vilima. Uchovu wa triathloni haufanani na uchovu wa mbio za kawaida. Mkimbiaji wa barabarani huanza akiwa mpya na kuchoka kidogo kidogo. Mwanatriathloni huanza kukimbia akiwa tayari ametumikia saa kadhaa majini na kwenye tandiko. Akiba ya wanga misulini imeshapungua, mgongo umekakamaa, na mapaja yamezoea kuzungusha pedali, si kubeba mwili. Hatua za kwanza baada ya kushuka baiskeli huwa kama za mtu anayetembea ndani ya matope.

Kuna jambo jingine ambalo husahaulika, nalo ndilo zito zaidi. Kati ya michezo mitatu ya triathloni, miwili haina mshindo. Maji humbeba mwogeleaji, nayo baiskeli humbeba mwendeshaji. Kwa kuwa saa nyingi za mazoezi hutumika katika michezo hiyo miwili, moyo na mapafu huimarika upesi kuliko mifupa, kano na viungo. Matokeo yake ni mtu mwenye injini ya lori na magurudumu ya mkokoteni. Siku ya mashindano moyo wake humwambia aende, naye huenda, mpaka mapaja yakatae katika kilomita ya 14 au ya 15.

Marathoni ya vilima hutibu pengo hilo kwa njia ambayo barabara tambarare haiwezi. Kupanda hujenga nguvu za ndama na makalio bila kasi kubwa, hivyo bila mshindo mkali. Kushuka ndiko hasa kwenye dawa na sumu pamoja. Mtu anaposhuka, misuli ya mbele ya paja hufanya kazi ya breki: inakaza ilhali inarefuka. Kazi ya namna hiyo huichana misuli michano midogo sana isiyoonekana kwa macho. Maumivu huanza siku inayofuata na mara nyingi hufikia kilele kati ya saa 24 na 72 baadaye. Aliyewahi kushuka ngazi kinyumenyume siku mbili baada ya mbio hahitaji kuelezwa zaidi.

Lakini mwili una kumbukumbu. Msuli uliokwisha kuumizwa mara moja kwa kazi ya kushuka huumia kidogo zaidi unapofanyishwa kazi hiyohiyo tena, na kinga hiyo hudumu kwa wiki kadhaa. Wataalamu wa fiziolojia wameuona mwenendo huo mara nyingi katika maabara. Maana yake kwa mwanatriathloni ni kwamba siku moja ndefu ya vilima, ikiwekwa mahali pake kwenye kalenda, humwachia mapaja yatakayostahimili mbio za mwisho hata kama zitakuwa za barabarani.

Faida nyingine ni ya vifundo vya miguu. Ardhi ya Mbita na visiwa vyake ni mabaki ya volkano kongwe iitwayo Kisingiri, iliyozimika mamilioni ya miaka iliyopita. Majivu yake ndiyo yaliyohifadhi masalia ya viumbe ambayo yameipa Rusinga sifa duniani, likiwemo fuvu la Proconsul lililopatikana na Mary Leakey mwaka 1948. Mkimbiaji hana haja na mafuvu, ila jiografia hiyo humhusu moja kwa moja, kwani ndiyo iliyomwachia mawe makali yaliyolegea, changarawe inayoteleza na, katika Bonde la Lambwe, udongo mweusi wa mfinyanzi ambao mvua ikinyesha hung'ang'ania kiatu mpaka mguu uwe na uzito maradufu. Hakuna hatua mbili zinazofanana. Kila hatua hulazimisha misuli midogo ya kifundo kujirekebisha, kazi ambayo kilomita elfu moja za lami hazitoi.

Mifano ya kuonyesha kwamba vijia vya milimani havimharibii mtu mwendo wake ipo. Flora Duffy wa Bermuda, aliyetwaa dhahabu ya triathloni katika Olimpiki ya Tokyo iliyofanyika 2021, alikuwa ameshakuwa bingwa wa dunia mara kadhaa katika Xterra, aina ya triathloni ambayo baiskeli huendeshwa milimani na mbio hupita vijiani. Kwa upande wa Kenya, Lucy Wambui Murigi alikuwa bingwa wa dunia wa mbio za milimani mwaka 2017 na tena 2018. Huyu si mwanatriathloni, ila ushindi wake ulithibitisha kwamba miguu ya Mkenya haikuumbiwa lami na uwanja pekee.

Hata hivyo si kila mwanatriathloni anahitaji kilomita 42. Anayejiandaa kwa masafa ya Olimpiki, ambako mbio ni za kilomita 10, hana sababu ya maana ya kujichosha kiasi hicho. Kilomita 20 hadi 25 za vilima zitampa karibu kila kitu anachokihitaji, na ndani ya siku chache atakuwa amerudi kwenye mazoezi ya kasi. Marathoni nzima ina maana zaidi kwa anayeelekea 70.3 au Ironman, na hata kwa huyo ni mara moja tu katika msimu. Aliye na chini ya mwaka mmoja wa kukimbia mfululizo, au aliyeuguza goti au kano ya kisigino katika miezi michache iliyopita, akae mbali nayo kabisa.

Afrika Mashariki haijapungukiwa mbio za kujaribia. Maarufu zaidi ni ile ya Lewa, katika hifadhi ya wanyama kaskazini mwa Mlima Kenya, iliyoanza mwaka 2000. Huko njia ni ya vumbi, mwinuko ni karibu mita 1,700, na wakimbiaji hulindwa na askari wa wanyamapori na ndege angani ili wasije wakakutana na faru. Wanaokimbia marathoni huizunguka njia hiyo mara mbili, na wengi hukiri kwamba mzunguko wa pili ni mchezo tofauti kabisa na wa kwanza. Aliye na mazoea ya kutazama saa na kudai kasi ile ile ya barabarani hufundishwa adabu mapema.

Mbita haina haja ya kuiga Lewa, na mtu anayetaka siku yake ndefu ya mazoezi anaweza kuipata humo humo nyumbani. Njia ya kawaida huanzia mjini, huvuka daraja na kuingia Rusinga. Zamani hapo palikuwa na tuta lililojengwa katika miaka ya 1980, likaziba mkondo wa maji kati ya kisiwa na bara, kabla ya daraja kujengwa na maji kupita tena. Barabara huzunguka kisiwa kwa upole, ikipita Kasawanga lilipo kaburi la Tom Mboya, na kila mahali kuna vijia vinavyochepuka kuelekea juu mgongoni. Mzunguko mmoja wa kisiwa haufikii kilomita 42, kwa hiyo ziada hutafutwa vilimani, na hapo ndipo siku hugeuka kuwa ndefu. Vijia hivyo ni vya watu: hupita katikati ya mashamba na nyua. Salamu na ombi la njia havigharimu kitu, na mzee aliyesalimiwa vizuri huelekeza mahali palipobomoka na mvua kuliko ramani yoyote ya simu.

Bonde la Lambwe nalo huvutia kwa upana wake, ila ikumbukwe kwamba humo imo Hifadhi ya Taifa ya Ruma, makao pekee nchini Kenya ya swala aina ya korongo, na pia makao ya nyati na chui. Hakuna askari wala ndege ya kumlinda mkimbiaji hapo kama Lewa. Abaki nje ya uzio. Hofu ya zamani ya mbung'o na malale, iliyowahi kulihamisha bonde hilo watu, imepungua sana. Mwaka 2025 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kwamba Kenya imeutokomeza ugonjwa huo kama tatizo la afya ya umma.

Saa ya kuanza ni mtihani wenyewe. Jua la ziwani ni kali, na kufikia saa tano asubuhi mawe huwa yameshapata moto, hivyo busara ya kawaida humtuma mkimbiaji aondoke gizani. Busara ya wenyeji humkataza. Viboko hutoka majini usiku kula majani, nao hurejea alfajiri wakipita njia zao zilezile, na mtu anayesimama kati ya kiboko na maji huwa amejiweka mahali pabaya kupita pote. Suluhisho ni kuanza mapambazuko yanapokuwa yamekamilika, kiasi cha saa kumi na mbili na nusu au saa moja kasorobo, na kuzitumia kilomita za kwanza kupanda badala ya kufuata ufuo. Saa za joto ziachiwe upande wa kisiwa wenye upepo.

Jinsi ya kukimbia siku hiyo ndiyo sehemu inayowashinda wengi, hasa wale waliozoea kushindana. Haya ni mazoezi. Kasi kwa kilomita haina maana yoyote hapa. Kinachopimwa ni jitihada. Kipimo kizuri ni mazungumzo: ikiwa mtu hawezi kutamka sentensi nzima bila kukatika pumzi, anakwenda mbio mno. Kilima kikikaza, atembee, mikono magotini kama inabidi. Mabingwa wa milimani hutembea, sembuse mtu anayehifadhi miguu kwa ajili ya mashindano mengine. Kwenye mteremko hatua ziwe fupi na za haraka, mwili usiegemee nyuma, na macho yatangulie mita tano au sita mbele. Kamba za viatu zikazwe kabla ya kushuka ili vidole visigonge mbele ya kiatu. Asiyefanya hivyo hupoteza kucha. Wengi hununua viatu vya mtumba, jambo lisilo na aibu yoyote, mradi nyayo ziwe bado na meno na mpira wa katikati usiwe umekufa. Kiatu kizuri kwa macho chaweza kuwa kimekwisha kwa ndani.

Saa nne na nusu hadi sita za safari ya namna hii ni darasa la kula, na hapa mwanatriathloni ana faida anayopaswa kuichukua kwa mikono miwili. Tumbo nalo hufunzwa. Mwongozo unaotumiwa sana ni gramu 30 hadi 60 za wanga kwa kila saa, na kwa waliozoea huweza kufikia 90 wakichanganya aina mbili za sukari. Ndizi moja mbivu ya wastani ina kama gramu 25. Ndizi mbili kwa saa, basi, hutosha, au ndizi moja na kipande kizuri cha kiazi kitamu kilichochemshwa, chakula ambacho hakikosekani katika jiko la nyumba yoyote ya huku. Vifuko vya uji mzito wa sukari vinavyouzwa mijini ni vyepesi kubeba, ila havina muujiza. Jambo la muhimu ni kwamba kitakacholiwa siku ya mashindano kiwe kimekwisha kujaribiwa kilimani tumbo likitikisika.

Juu ya maji kuna kosa ambalo limeua watu wazima wenye afya. Kwa miaka mingi wakimbiaji waliambiwa wanywe kadiri wawezavyo hata bila kiu. Utafiti uliofanywa kwa wakimbiaji 488 wa marathoni ya Boston ya mwaka 2002, na kuchapishwa mwaka 2005, ulionyesha kwamba asilimia 13 yao walimaliza wakiwa na chumvi pungufu katika damu. Waliokuwa hatarini zaidi ni waliokunywa mno hata wakaongezeka uzito njiani, na waliochukua muda mrefu kumaliza. Mkimbiaji wa vilima ni wa kundi hilo la mwisho hasa. Dalili zake ni kichwa kuuma, kichefuchefu na kuchanganyikiwa, nazo hufanana na za joto, hivyo wenzake humpa maji zaidi na kumzidishia balaa. Kanuni salama ni kunywa kwa kiu. Kinywaji cha nyumbani hupatikana kwa lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote sawasawa bila kujazwa kilima. Maji ya ziwa yasiyochemshwa wala kutiwa dawa yasinywewe, hata kiu ikiwa kali namna gani.

Siku yenyewe iwekwe wapi katika kalenda? Makocha wengi huipendelea kati ya wiki sita na nane kabla ya mashindano. Ikiwa karibu zaidi, michano ya misuli haitakuwa imepona na mazoezi muhimu ya mwisho yatapotea. Ikiwa mbali sana, kinga ya mapaja itakuwa imefifia. Marathoni ya Lewa, ambayo kwa kawaida hufanyika mwishoni mwa Juni, na mashindano ya Rubavu yaliyofanyika Agosti 14, 2022, zilitenganishwa na wiki saba hivi. Aliyefanya yote mawili mwaka huo alikuwa na ratiba ambayo kocha angeweza kuichora kwa makusudi.

Wiki inayofuata mbio ni ya kupona, na tatizo ni kwamba moyo hupona kabla ya miguu. Siku ya nne mtu hujiona mzima na kutamani kukimbia. Asikimbie. Baiskeli nyepesi katika siku ya tatu au ya nne haina madhara, na barabara ya Mbita hadi Homa Bay, yenye urefu wa kiasi cha kilomita 40, ni nzuri kwa hilo ikiwa mtu atatahadhari na malori ya samaki na pikipiki. Mbio fupi za polepole zianze baada ya siku saba hivi, na mazoezi ya kukimbia mara tu baada ya kushuka baiskeli yarejee katika wiki ya tatu. Usingizi hufanya kazi kubwa kuliko dawa za kupaka. Vidonge vya kupunguza maumivu vya jamii ya ibuprofeni visitumiwe wakati wa mbio zenyewe, kwani vikichanganyika na joto na upungufu wa maji huweza kuziumiza figo.

Dawa bora ya wiki hiyo, kwa maoni ya karibu kila kocha, ni kuogelea. Maji huibeba miguu, husukuma damu na hayana mshindo. Na hapo ndipo Mbita, yenye ziwa lenye ukubwa wa kilomita za mraba 68,800 mlangoni pake, humwangusha mwanatriathloni wake.

Sababu ya kwanza ni kwamba watu wengi wanaoishi kwa ziwa hawajui kuogelea. Wavuvi wanaokesha majini na taa zao wakivua omena mara nyingi hawawezi kujiokoa mashua ikipinduka. Makadirio yanayotajwa mara kwa mara ni kwamba kati ya watu 3,000 na 5,000 hufa kila mwaka katika Ziwa Victoria kote, Kenya, Uganda na Tanzania zikijumlishwa. Mabwawa ya kuogelea yaliyopo huku aghalabu ni ya hoteli na majumba ya wageni, na ada yake si ya kijana wa kijijini. Mkimbiaji mwenye miguu ya ajabu anayeanza kujifunza kuogelea akiwa na umri wa miaka 25, bila mwalimu na bila bwawa, hana ufupisho wa njia: lazima ajifunze katika maji ya kina kifupi, na mtu anayejua, kwa miezi, kabla hajafikiria kilomita 1.9 za maji ya wazi. Mazoezi ya vilima hayasaidii chochote hapo.

Anayejua kuogelea naye ana mambo yake ya kuangalia. Mchana upepo huvuma kutoka ziwani na kuyachafua maji. Mkondo wa chini ya daraja, pamoja na mashua zinazopita, si mahali pa mazoezi. Viboko na mamba huzijua ghuba zenye matete kuliko mtu yeyote, na wavuvi ndio wanaojua ni zipi kwa wiki hiyo. Asiogelee peke yake kamwe. Mtumbwi wenye mpiga kasia na majaketi ya kujiokolea utangulie au uandamane naye, na kofia ya rangi kali ivaliwe ili mwendesha mashua aione kutoka mbali.

Kisha kuna kichocho. Fuo za Mbita na visiwa vyake ni miongoni mwa maeneo ya Kenya yenye maambukizi mengi ya kichocho cha tumbo. Konokono wanaoishi kwenye maji ya kina kifupi yenye majani hutoa viluwiluwi ambavyo hupenya ngozi ya mtu kwa muda wa dakika chache tu, bila jeraha na bila maumivu. Viluwiluwi hivyo hutolewa kwa wingi jua linapokuwa kali, takriban kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana. Kuogelea mapema zaidi, kuingilia majini kutoka kwenye mtumbwi mbali na majani, na kujifuta kwa nguvu kwa taulo mara tu mtu atokapo ni mambo yanayopunguza hatari. Hayaiondoi. Chanjo haipo, na ugonjwa usiotibiwa kwa miaka huharibu ini.

Dawa ipo, nayo ni prazikwanteli, ila ina tabia moja ambayo mwanamichezo hana budi kuijua. Huua minyoo iliyokomaa, si michanga. Anayeimeza siku iliyofuata baada ya kuogelea huwa ameitupa. Inafaa wiki sita hadi nane ziwe zimepita tangu aguse maji mara ya mwisho ndipo apimwe na kutibiwa, kwa kipimo kitakachopangwa na mhudumu wa afya kulingana na uzito wake. Kwa hiyo aliyekimbia vilima mwishoni mwa Juni, akaogelea ziwani Julai nzima na kushindana katikati ya Agosti, aandike katika kalenda yake siku ya kwenda zahanati mapema mwezi Oktoba, kabla hajaingia tena majini.